Kusoma Mto kwa Karai la Kuazima

Asubuhi niliyoanza kazi hii sikuwa natafuta kazi. Nilitoka nyumbani Mikindani baada ya chai, nikamwambia mama naenda barabarani, naye hakuuliza barabara ipi, maana alikwisha kunizoea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa nimepasua samaki, nimekwangua chumvi, nimekwea minazi ya watu, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Siku hiyo nilidandia lori la mihogo hadi Mtwara mjini, nikaona bado mapema, nikaendelea kwa miguu hadi Naliendele. Kando ya barabara magari mawili yalikuwa yamesimama, watu wanafunga mizigo juu yake: ndoo, makoleo, na vifuko vya kitambaa vyenye nambari.

Nikauliza vile vifuko ni vya nini. Aliyenijibu alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukindu. Baadaye nilijua ndiye Kiongozi wa Msafara, mjiolojia, yaani mtaalamu wa miamba.

"Vya mchanga," akasema.

"Mchanga wa kujengea?"

"Wa kuuulizia maswali. Wewe unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kuogelea?"

"Hapo sina mpinzani, mama."

"Basi panda. Kusoma utajifunza njiani."

Nikapanda. Nyumbani walipata habari zangu baada ya wiki tatu.

Vijana wengi wa siku hizi wananiuliza kama tulikuwa na mashine za kunusa dhahabu. Hatukuwa nazo. Tulifuata vijito vinavyoingia Ruvuma, kimoja baada ya kingine, tukichota mchanga kwenye kila mdomo. Kijito hubeba kidogo kidogo cha kila jiwe kinachopita juu yake. Ukichota pale kinapomwagikia mto mkubwa, umeonja mlima mzima bila kuupanda.

Siku yangu ya kwanza majini, Kiongozi wa Msafara aliniambia nitupe jani na kulifuata kwa macho.

"Limesimama wapi?"

"Halijasimama, mama. Linazunguka nyuma ya lile jiwe."

"Kwa nini?"

"Maji yamechoka pale."

"Na mtu akichoka, anatua mzigo upi kwanza?"

"Ule mzito."

"Vizuri. Umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mgongo."

Ndiyo elimu yote, na nimeishi nayo maisha yangu. Dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu kilichomo mtoni, kwa hiyo hulala pale maji yanapopunguza mwendo: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, mahali bonde linapotanuka ghafla, kwenye nyufa za mwamba zinazokatiza mto, na hata katika mizizi ya majani ya ukingoni, ambayo huchuja maji kama kifumbu kinavyochuja tui. Ukishapata mahali, unajaza karai mchanga na changarawe, unalizamisha, unalitikisa ili vizito vishuke chini, kisha unaliinamisha na kuyaacha maji yachukue vyepesi. Unarudia mpaka ubaki na kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Huo mchanga mweusi ndiye mwenyeji wa dhahabu. Unauzungusha taratibu, na kama mgeni yumo, atabaki nyuma kwenye mkia, mdogo, wa manjano, hana haraka. Chembe hizo tunaziita chenga.

Msafara ule ulipokwisha sikurudi kuwa mkwea minazi. Nilikwenda juu, upande wa Tunduru, kwenye mwalo, yaani mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wao. Msimamizi wa Mwalo alikuwa Mngoni mwenye sauti ya kupasua kuni, na utani wetu ulianza kabla sijatua mkoba.

"Mmakonde wa pwani! Huku hakuna pweza, umefuata nini?"

"Nimekuja kukufundisha kuoga, mtani."

Akacheka mpaka akakohoa, akanipa koleo. Kwake nilijifunza subira, na nilijifunza kuogopa zebaki, ile dawa nzito ya kukamatia dhahabu, ambayo yeye alikuwa ameishika kwa mikono mitupu miaka mingi, sasa anatetemeka hata akishika kikombe. "Usiwe mjinga kama mimi," aliniambia. "Tumia maji na macho." Nimetumia maji na macho.

Sikuwahi kutajirika, wala sikutaka kukaa mahali pamoja mpaka nitajirike. Nilikuwa nabeba mizigo ya wapimaji miezi michache, napalilia mikorosho msimu mwingine, na siku zilizobaki ni zangu na karai langu. Nilifuata vijito kama wengine wanavyofuata mpira. Afisa Madini mmoja, mtu wa makaratasi kwelikweli, aliniambia, "Mto hauna mlango, lakini una mwenyewe." Tangu hapo sikuingia bonde lolote kabla ya kupiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, na nilichokiona nilikiandika katika daftari: kona gani, jiwe gani, chenga ngapi. Nimejaza madaftari mengi. Wasomi wamekaa sakafuni kwangu wakayanakili, mimi wa darasa la tano nikiwaeleza mwandiko wangu. Sioni aibu kusema nilijisikia mkubwa.

Sasa niwaeleze habari za kijiji cha Kitaya, kwa kuwa hapo ndipo nilipojua kama kweli nilikuwa fundi.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu ubebaji. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu, akanitumia na picha: kiganja cha mtu kinametameta. Kijito kimoja kidogo kinachoshuka kuelekea Ruvuma kilikuwa kimekata ukingo wa shamba la Bi Salima, mkulima wa korosho, na vijana walikuwa wameona mng'ao katika changarawe chini ya mizizi. Walikwisha kuchimba shimo chini ya mikorosho miwili, na mmoja ulikuwa umeinama. Kiongozi wao alikuwa Shaibu, dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto watatu. Yeye anasema ni dhahabu, Bi Salima anasema ni shamba lake, na kijiji kilikuwa kimegawanyika hata msikitini. Mwishowe wote wawili walikubali mbele ya Mwenyekiti: aletwe mzee wa mito, na atakalosema ndilo litakalokuwa. Akisema ipo, watafute leseni na Bi Salima atafute shamba jingine. Akisema haipo, shimo lifukiwe.

Nilifikia kwa Bi Salima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chumba. Karai langu lilikuwa limepasuka njiani, nilipoangushwa na bodaboda pamoja na mkoba kwenye mchanga wa barabara. Nikaazima la kwake, la chuma, zuri, pana. Nikalisugua kwa mchanga, nikashuka kijitoni asubuhi, watu wamejaa ukingoni kama wanaangalia ngoma.

Kile kilichokuwa kinametameta nilikitambua mara moja. Nilimwita Shaibu kivulini.

"Kiangalie sasa. Kinang'aa?"

"Kimezima, mzee."

"Dhahabu haizimi kivulini. Kibonyeze kwa ukucha."

Akabonyeza, kikavunjika vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu.

"Huu ni ulanga," nikasema. "Dhahabu ukiibonyeza inalala, haivunjiki."

Watu wakaguna. Nikaosha makarai kumi ya changarawe, mchanga mweusi ukabaki safi, hakuna hata chenga moja. Nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikatangaza kwa sauti: hakuna kitu. Shaibu akasema, "Sawa mzee. Neno ni neno." Nilimheshimu kwa hilo.

Mchana Bi Salima alinikaribisha chakula. Alikuwa anaimba. Aliliweka lile karai juu ya mafiga, akaanza kutupia vipande vya mihogo bila kumimina chochote.

"Huweki mafuta?" nikamuuliza.

"Karai hili lina mafuta yake, Mzee Bakari. Hata ulisugue vipi, linajikaangia lenyewe."

Vijana, sikilizeni. Chenga ndogo kama unga ikigusa mafuta haizami. Inapanda juu ya maji kama utando wa chai na kuondoka na mkondo, na wewe uliyeinama hapo huioni. Karai la jikoni huchomwa motoni mpaka libadilike rangi kabla ya kushuka mtoni. Ndilo jambo la kwanza anaambiwa mwanafunzi. Mimi, mzee wa mito, nilikuwa nimeoshea changarawe ya watu kwenye karai la kukaangia, kwa sababu umati ulikuwa unanisubiri nami nilipenda kusubiriwa.

"Bi Salima," nikasema, "nahitaji kulichoma karai lako na kurudi kijitoni."

Aliacha kuimba. "Si umekwisha kusema?"

"Nimesema kabla ya kusoma."

"Na ukiikuta?"

"Nitasema nimeikuta."

"Mikorosho hii ameipanda mama yangu. Unakula mihogo yangu, unalala kwangu, kisha unataka kurudi kuninyang'anya shamba? Kaa kimya tu, mzee! Nani atajua?"

Nililichoma karai kwa makumbi ya nazi mpaka likawa la bluu, nikaenda kuwaita Mwenyekiti na Shaibu, nikawaambia mbele ya watu nilikuwa nimekosea na kosa ni lipi. Mmoja akasema kwa sauti, "Amezeeka huyu!" Nikaosha tena. Karai la tatu, chenga moja. Karai la tano, mbili. Ndogo kama vumbi la ungo, lakini za manjano kivulini na juani.

Shaibu alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika ng'ambo, Msumbiji. Niliporudi, mkoba wangu ulikuwa nje ya mlango wa Bi Salima, umefungwa vizuri. Nililala barazani kwa Mwenyekiti.

Lakini kusema ipo ni sehemu ya kazi tu. Sehemu nyingine ni kusema ipo kiasi gani, na hilo sikutaka waliamini kwa mdomo wangu, maana mdomo wangu ulikwisha kuwadanganya mara moja. Kulipokucha niliwapanga vijana saba kijitoni, kila mmoja na karai lililochomwa, nikawafundisha kutikisa na kuinamisha. Niliwaeleza kwamba zile ni changarawe za Ruvuma ya zamani, mto ulipokuwa unapita juu zaidi, na kwamba mto ukifika huku karibu na bahari umekwisha kutua mizigo yake yote mizito, umebaki na vumbi la njiani. Walinisikiliza kwa heshima bila kuamini hata neno. Wakaosha mpaka adhana ya alasiri.

Chenga zote za siku nzima nilizikusanya kwa ncha ya unyoya, nikaziweka juu ya ukucha wa kidole gumba cha Shaibu. Hazikuufunika.

Aliutazama ule ukucha, akazitazama safu zote za mikorosho mpaka mwisho wa shamba.

"Mzee, ili tujaze kikombe tung'oe miti mingapi?"

"Yote. Na kikombe hakitajaa."

"Hii haitoshi hata mafuta ya pikipiki." Akapuliza ukucha wake, zikapotea. Kisha akachukua koleo, akaanza kurudisha udongo shimoni, na wenzake wakamfuata. Ule mkorosho ulioinama waliuegemeza kwa nguzo.

Bi Salima alikuja akasimama ukingoni mpaka kazi ikaisha. Nilipomuaga alinijibu salamu, akaongeza, "Shamba langu limebaki, namshukuru Mungu. Wewe bado sijakusamehe ile siku moja." Alikuwa na haki. Nami bado nasema, katika miaka yote niliyoinama mitoni, hakuna kazi ninayoionea fahari kama ile ya Kitaya. Chenga nzuri zaidi nimeziokota kwingine. Pale niliusoma mto mara mbili, na mara ya pili niliusoma huku nikijua nitafukuzwa.

Wanangu wananiuliza kwa nini situlii sasa. Nawajibu kwamba kustaafu ni kuachana na mabosi, na mto haukuwahi kuwa bosi wangu. Asubuhi iliyofuata baada ya shimo kufukiwa, niliondoka Kitaya nyuma ya pikipiki ya Shaibu, tukapanda na Ruvuma mpaka kijiji ambacho sikuwahi kukanyaga. Hakunidai nauli. Nilibisha hodi kwenye duka moja lenye uwanja uliofagiliwa, nikamuuliza mama mwenye duka kama kuna mtu anapangisha chumba.

Alinitazama, akautazama mkoba, akashusha miwani.

"Wewe ndiye yule mzee aliyekosea Kitaya?"

Simu zina mbio kuliko pikipiki. "Ndiye," nikasema.

"Na ukarudi ukawaambia umekosea?"

"Nilirudi."

Akageuka akaita watu wa ndani: "Toeni magunia ya korosho chumbani, tumepata mgeni!"

Nikaweka mkoba chini, nikaingia nikawasaidia kubeba gunia la kwanza.