Viti vya Kuinukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa kuanzia asubuhi mpaka saa sita bila kufanya kitu. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na diploma ya kuchora plan. Té, ile rula ndefu yenye umbo la herufi T, kompasi na kalamu za wino nilikuwa nimezibeba ndani ya mfuko wa kitenge alionishonea mama. Atelier, karakana yetu, ilikuwa Butembo, kwenye mteremko unaoelekea sokoni. Chini walikuwa wachomea vyuma, juu maseremala. Mwenye atelier alikuwa Hadji Ramazani, mfanyabiashara wa Beni ambaye malori yake yalileta mbao na kupeleka mizigo kusini. Siku ile hakuwepo. Aliyenipokea alikuwa msimamizi, chef d'atelier, Kambale, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Aliigeuza diploma yangu akaiangalia na mgongo wake, akaweka termosi yake ya chai juu ya meza ya kuchorea, akasema:

"Ikala pale. Nitakuita."

Hakuniita. Saa sita niliinuka kwenda kumkumbusha kwamba nipo, na msumari uliotokeza nyuma ya kiti ukaishika sketi yangu ukaipasua. Mashine zote zilisimama. Wanaume wote waliangalia. Chef akasogea, akakitazama kiti, si mimi.

"Donc ile kiti haiko bien," akasema.

Eti haiko bien, eti si kizuri! Ninyi vijana mnaoniuliza kazi yetu ilianzaje, jibu langu ni hilo: ilianza kwa hasira, nikiwa nimejifunga kitenge cha kuazima. Katika atelier nzima kila mtu alikuwa anamfikiria mtu anayekaa. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu anayeinuka.

Wakati ule kumbi zetu zilikuwa na mabenchi. Kisha maparokia, mashule na wenye kumbi za arusi wakaanza kutaka viti kama vya sinema, na kazi hiyo nikapewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kiti cha ukumbi si kiti cha nyumbani. Kinafungwa kwenye sakafu kwa boulon, yaani bolti, kimepangwa na wenzake katika mstari, na kati ya mstari na mstari nafasi ni ndogo. Ukiwa umekaa, magoti yako yanakaribia mgongo wa kiti cha mbele. Ukisimama, kikalio kinatakiwa kijikunje chenyewe, kiegemee mgongo wake, ili miguu ipate njia. Chuma cha mviringo ambacho kikalio kinazungukia tunakiita axe. Mimi niliiweka karibu na nyuma, na huko nyuma, chini ya mbao, nikafunga kipande cha chuma kizito, contrepoids. Mtu akiondoka, nyuma inashuka na mbele inapanda. Hakuna springi ya kuagiza Kampala, hakuna cha kukatika. Chuma chenyewe tulikata kutoka kwenye ressort, zile springi bapa za malori ya Hadji, ambazo barabara ya Kirumba ilizivunja bila kutupumzisha.

Ukisikia hivyo unafikiri ni rahisi. Uzito ukizidi, kiti kinaruka na kupiga pa! Ukipungua, kinabaki katikati kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Nilipima kwa mifuko ya mchanga, kiti kwa kiti. Tena mbao: waliniletea eucalyptus ya Masereka, imekatwa mbichi, na ndani ya mwezi ilijipinda hadi vikalio vikakwama kati ya mikono ya kiti. Niliomba mbao ya libuyu iliyokauka. Chef alinijibu, "Mbao ni mbao." Alinijibu hivyo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na miaka yote mbao hazikuwa mbao.

Ukumbi wetu wa kwanza ulikuwa wa shule moja, Butembo. Siku ya kufungua, mgeni wa heshima alisimama kwa wimbo wa taifa. Kiti chake kikajikunja vizuri kabisa, kama nilivyokichora. Wimbo ukaisha, akajikalisha bila kushusha mkono kutafuta kikalio. Alishuka mpaka sakafuni, na faili zake pia. Hakuumia. Lakini mtu wa protokoli alinifuata nje.

"Madame, kiti yako inakataa bakubwa!"

"Haikatai mutu. Inangoja aishushe na mukono."

"Mukubwa atashusha kiti na mukono?"

Tangu siku ile kila oda ilikuja na sharti: mstari wa mbele, makochi. Nimesomea miguu ya binadamu, pembe ya mgongo, urefu wa paja, nikaishia kuchora makochi ya wakubwa ambao hawataki kutumia mkono. Nikayachora. Nilifikiri hilo ndilo baya la mwisho.

Kisha tukapata kazi ya Beni, ukumbi mkubwa katika commune ya Ruwenzori, wa mikutano na arusi. Uliongozwa na komite, na komite iliongozwa na mtu mmoja ambaye wote tulimwita Président, mtu wa shati jeupe na simu mbili. Nilipompelekea plan, hakuangalia kitu kingine isipokuwa mistari.

"Ongeza mistari mbili."

"Président, haiwezekani. Batu bataweka magoti wapi?"

"Bataikala kidogo pembeni."

Tulibishana siku mbili. Mwishowe Hadji aliniambia niongeze. Nikaongeza, lakini nikaandika kwa herufi kubwa chini ya plan, na nikamsomea Président kwa sauti: kwa nafasi hii, viti lazima vijikunje vyenyewe, vyote, siku zote, la sivyo mtu hawezi kupita. Akaitika bila kuondoa macho kwenye simu, akatia sahihi.

Asubuhi ya ufunguzi niliingia ukumbini pamoja na Chef Kambale kufanya ukaguzi wa mwisho. Vikalio vyote vilikuwa chini. Nilifikiri axe zimekwama. Nikapiga magoti, nikatazama chini ya kiti cha kwanza: kilikuwa kimefungwa kwa waya, ule wa kufungia vyuma vya beton, vya zege, umezungushwa mara tatu kwenye mguu. Cha pili vivyo hivyo. Ukumbi mzima.

Nilimkuta Président jukwaani, akipanga maua.

"Nani alifunga viti?"

"Ni siye. Vikijikunja, mu photo inaonekana ukumbi iko mutupu. Tena biko napiga kelele pa, pa, pa, mutu akisimama. Hapana muzuri."

"Président, ulitia sahihi!"

"Madame Katungu, kiti ni ya kuikala. Haiko ya kuruka."

Nilimpigia Hadji, aliyekuwa njiani kuja. Nilipiga kelele hadi waliokuwa wanafagia wakaacha kufagia. Hadji akanisikiliza, akasema kwa upole uleule uliokuwa unanichosha, "Katungu, ile viti ni ya client. Ukiuzishia mutu sufuria, utaenda kumupikia?"

Nikamgeukia Chef. Yeye alikuwa ameshakaa, upande wa kushoto, mstari wa saba, mguu juu ya mguu.

"Acha, mama. Ni siku moja tu. Kesho tutafungua."

Sikuacha. Nilichukua koleo kwenye sanduku la vifaa nikaanza kukata waya, sehemu ya katikati, kutoka mbele kurudi nyuma. Wageni walikuwa wanaanza kuingia, wakinipita nikiwa nimejikunyata chini ya viti kama mtu aliyepoteza hereni. Nilikata katikati yote. Nikavuka kwenda kulia, nikakata mistari minne. Hapo vijana wawili wa protokoli wakanishika mikono, mmoja huku, mwingine kule, wakaniongoza mpaka mlangoni. Président mwenyewe alininyang'anya koleo. Kwa hiyo mimi, niliyechora viti vile vyote, ufunguzi niliutazama nimesimama mlangoni.

Katikati ya hotuba ya pili, groupe ya umeme, jenereta iliyokuwa nyuma ya ukuta, ilipiga mlio mmoja mkubwa, taa zikazimika, na moshi mweusi ukaingia madirishani. Ilikuwa groupe tu. Mafundi waliizima papo hapo. Lakini mnajua Beni imepitia nini, miaka ya vita na mashambulizi. Mlio ukisikika, watu hawangoji kuuliza umetoka wapi.

Nilijibana ukutani kando ya mlango ili nisikanyagwe, na kutoka pale niliona kila kitu. Katikati, watu walisimama na viti vikasimama nao, pa, pa, pa, mistari ikafunguka, watu wakatoka. Upande wa kushoto walisimama na viti vikabaki chini. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Wakapanda juu ya vikalio, wakaruka migongo ya viti, wakaangukiana. Niliita, "Ni groupe! Ni groupe tu!" Hata mimi sikuisikia sauti yangu.

Hakufa mtu. Nasema hivyo kwanza kwa sababu kila ninayemsimulia ananiuliza. Waliumia wengi, mikono na mbavu, na watu walipotoka wote nilimwona Chef Kambale bado yuko mstari wa saba. Hakuwa amekaa. Goti lake lilikuwa limenaswa kati ya kikalio kilichofungwa na mgongo wa kiti cha mbele, na watu walikuwa wamempita juu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nilimshika. Sikuwa na koleo. Nilifungua ule waya kwa vidole, mara tatu kuzunguka mguu wa kiti, na vidole vikatoka damu, mpaka kikalio kikajiinua.

"Iko nainuka muzuri," akasema.

Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia kujua kwa nini sikuanzia kushoto. Nilianzia katikati kwa sababu koleo lilikuwa karibu na katikati, hakuna sababu nyingine. Miaka mingi nimejibishana na jambo hilo nikiwa peke yangu jikoni, na sijashinda.

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya komite. Ilisema viti vya atelier yetu ni vya hatari, kwamba vilijikunja ghafla na kuwatia watu hofu, na kwamba dessinatrice, yaani mimi mchoraji, aligusa mali ya client bila ruhusa. Waya haukutajwa. Nililisoma neno "ghafla" mara kadhaa. Hadji akaniita bureau, ofisini kwake.

"Uligusa viti ya client?"

"Niligusa. Tena sikumaliza."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, Hadji."

Akaikunja barua, akasema twende hospitali. Chef alikuwa kitandani, mguu umefungwa kuanzia paja. Hadji akamsomea barua yote, kwa sauti, neno kwa neno. Chef akamsikiliza hadi mwisho.

"Hadji," akasema, "miye nilikuwa mu ile mustari ya waya. Pa katikati bote balitoka. Nilibaona nikiwa chini. Hata bazee balitoka."

Hadji akaichana barua, polepole, vipande vidogo, akavitia mfukoni kwa kuwa hapakuwa na pa kutupa. Hakuniomba radhi. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kiti kitakachotoka atelier bila sahihi yangu, na kwamba kila ukumbi utajaribiwa mbele yangu: tutaujaza watu, tutapiga filimbi, tutaangalia wanavyotoka. Mwezi uliofuata alikwenda Beni mwenyewe na malori mawili, akang'oa ile mistari miwili ya nyongeza, akapanga upya iliyobaki. Président alipiga simu zake zote mbili. Hadji hakupokea.

Chef Kambale alirudi na fimbo. Hakuweza tena kusimama mbele ya mashine, kwa hiyo alipewa meza karibu na yangu, akawa anapiga msasa mikono ya viti huku akikosoa plan zangu. Hatukuzungumza juu ya Beni hata mara moja. Nilipompelekea mbao zilizojipinda, alizigeuza, kisha akasema, "Hii, bon, irudishe." Ndiyo pongezi pekee aliyonipa, na alifariki kabla sijaacha kazi.

Mkifikiri baada ya hapo watu walielewa, mnakosea. Nilibaki kazini miaka mingine mingi, na kila mahali ilikuwa vilevile. Mmoja aliacha plastiki juu ya viti mpaka vikalio vikashindwa kupanda. Mwingine alitundika spika kwenye mlango wa dharura. Mwingine aliniuliza kama filimbi yangu inaweza kupigwa baada ya chakula. Nilitia sahihi pale nilipopaswa, nikakataa kutia pale nilipopaswa, na walioniita mama mgumu walikuwa wengi kuliko walioniita dessinatrice. Sasa nimestaafu. Macho yameanza kuchoka, mikono ingali inashika penseli. Sijutii kazi. Ninachojutia ni kwamba kazi nzuri ya kiti hakuna anayeiona: watu wakitoka salama wanasema tu kwamba sherehe imekwisha.

Juzi, Jumamosi, nilialikwa arusi ya binti wa ndugu yangu, katika ukumbi mmoja hapa Butembo ambao viti vyake nilivichora. Niliingia mapema. Vikalio vyote vilikuwa vimejiinua, safi, wima, mstari kwa mstari. Kisha nikatazama njia ya katikati. Walikuwa wameijaza viti vya plastiki, kutoka mlangoni mpaka karibu na jukwaa.

Nikaweka mkoba wangu chini. Nikachukua kimoja, nikakipeleka nje. Nikarudi, nikachukua viwili. Msichana wa protokoli mwenye skafu ya dhahabu akanikimbilia, akiniita koko, yaani bibi.

"Koko, unafanya nini? Bageni bamezidi!"

"Bakizidi, basimame inje. Hapa ni njia."

"Koko, pardon, bibi arusi iko ku mulango! Muziki imeanza!"

Nilisikia muziki. Nilimwona mtoto wetu mlangoni, mzuri sana, ameshika mkono wa baba yake, anashangaa shangazi yake anabeba viti. Baba yake alinitazama, akatikisa kichwa, kisha akamwachia binti yake mkono na kuja kunisaidia.

"Mwambie angoje," nikamwambia yule msichana. "Vimebaki vine."