Nilimkabidhi mama kwa wakili kwa voice note, mtoto akakosa shule

Habari zenu wakuu. Hii si chai, na sijaileta ili mnionee huruma. Mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo someni mpaka mwisho ndipo mnichambe.

Niko Birmingham, Handsworth. Kazi yangu ni kuzisaidia familia zenye watoto wenye mahitaji maalum kupanga maisha ya mtoto wazazi wakishafariki. Wosia, mfuko wa amana wa kumtunzia mtoto pesa, nani atausimamia. Huku wanatuita special needs planners. Mimi si mwanasheria.

Shida ni kwamba wazazi wengi wanakuja na tatizo la leo: shule. Halmashauri imekataa kumpeleka mtoto shule maalum, mzazi anataka kukata rufaa. Hapo anatakiwa solicitor, yaani wakili, wa elimu maalum.

Nikamtafuta mmoja, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili kinamtoka vizuri tu. Nilimfuatilia karibu mwaka mzima, chai na sambusa pale Soho Road, mpaka tukakubaliana: yeye ananiletea familia za wosia, mimi nampelekea za rufaa.

Nikavimba kichwa. Kila kanisa la Wakenya nikiingia natangaza kwamba nina wakili wangu.

Sharti lake lilikuwa moja. "Usinitumie jina tu. Nitumie barua ya halmashauri, na mama mwenyewe anipigie. Mimi sipigii watu ambao hawajanitafuta."

Nikasema sawa. Wakuu, nilisema sawa huku nawaza sambusa.

Ndipo akaja Mama Shiru, Mkenya, care worker, anakaa Lozells na binti yake wa miaka tisa. Shiru haongei. Kelele za darasani zinamfanya ajing'ate mikono mpaka damu itoke. Halmashauri iliandika abaki shule ya kawaida, wakati mama alishaona shule maalum upande wa Perry Barr na nafasi moja ilikuwepo. Barua ilimpa miezi miwili ya kukata rufaa.

Nikamrekodia wakili voice note: nina mama hapa, mtu wa kwetu, msaidie. Nikaweka na namba. Akajibu kwa emoji ya kidole gumba.

Nikamwambia Mama Shiru, "Tulia, nimeshaongea naye. Atakupigia."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mnatujua sisi. Ukiambiwa "nimeshaongea naye", unashukuru na kunyamaza. Ukiulizia tena ni kama humwamini aliyekusaidia. Mama Shiru ana adabu zake, akanyamaza. Akaendelea na shift zake, barua ikakaa juu ya friji.

Miezi mitatu baadaye tukakutana stesheni ya Perry Barr. Akanisalimia kwa furaha, halafu akasema, "Sorry kukusumbua, brother. Huyo lawyer wako, bado ana-process ile story ya Shiru?"

Nikampigia wakili palepale.

"Nilikuwa nasubiri barua," akasema. "Na yeye anipigie. Si nilikuambia?"

Siwezi kumsingizia, alipambana. Aliomba rufaa ipokelewe ingawa imechelewa, na mimi nikaandika maelezo kwamba kosa ni langu. Ikapokelewa. Lakini ile nafasi alishapewa mtoto mwingine na shule imejaa. Ile ya kawaida imemshinda, kwa hiyo sasa hivi Shiru haendi popote. Mama ameacha kazi anakaa naye nyumbani, na mikono ya mtoto imefungwa bandeji. Naumia kila nikipita Lozells.

Wiki iliyopita Mama Shiru alikuja tumalize wosia wake. Alikuwa ameniandika mimi kuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa Shiru. Akasoma karatasi zote taratibu, akafika kwenye jina langu, akaomba kalamu.

"Sina ubaya na wewe, brother," akasema. "Lakini nikishakufa sitakuwa hapo ku-follow up. Weka mtu mwenye hufuatilia."

Akalikata jina langu. Nikamwandikia la dada yake.

Wakuu mnaounganisha watu na mawakili, madaktari, yeyote yule: ukisema "nimeshaongea naye", bado hujafanya kitu. Waweke wote wawili kwenye simu moja, uwasikie wanapeana tarehe. Na nyie wazazi, msituonee haya. Tusumbueni.

Kuna yeyote hapa UK ambaye mwanae alikosa nafasi, akaipata baadaye? Mlipitia wapi? Andikeni, nitaenda kumsomea Mama Shiru mwenyewe, ana kwa ana.