Kitanda cha Ionie Kirudi Wapi?

Haya aliyasimulia Zelpha Brissett mwenyewe, Ijumaa iliyopita, akiwa uani kwake hapa Tabor Gap akianika makumbi ya nazi juu ya bati. Mahali alipoparuka, Mis Enid, aliyekuwepo siku hiyo ya kazi, alikuja kupajaza kesho yake, bila kuombwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano ya wiki ya Pasaka, Zelpha anakitoa nje chumba kizima. Anaanza na vidogo: taa, Biblia, picha ya harusi, vitambaa vya kufuma vilivyolegea kwa kukosa wanga. Kisha meza ya kioo cha kujitazamia. Kisha kitanda cha mahogani, kipande kwa kipande, ubao wa kichwani, ubao wa miguuni, chaga. Anavipanga juu ya nyasi kwa mpango ule ule uliokuwa ndani, maana hata uani hapendi vitu vilale ovyo.

"Ukivirundika vinajiona vimefukuzwa," anasema.

Barazani amekaa Mas Lascelles Pinnock, mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na minane. Kiti chake cha mbao kina mto uliobonyea, na blanketi limekunjwa mgongoni. Anamfuata Zelpha kwa macho kila anapopita.

"Sakafu tu, Zelpha."

"Sakafu tu, Mas Lascelles."

"Kila kitu kirudi kilipokuwa."

"Nimesikia."

"Umesikia mdomoni. Mimi nataka usikie mikononi."

Zelpha ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kuzirudishia nyumba za watu sura. Alifundishwa na shangazi yake angali msichana wa shule: kusugua mbao kwa machungwa machungu, kupaka rangi nyekundu, kupaka nta, halafu kupiga magoti na nusu ya kumbi la nazi lenye nywele zake, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mbao zionyeshe dirisha. Magoti yake yamekuwa magumu kama kisigino. Anayafunga kwa vipande vya suruali ya jinzi, asubuhi anayapaka mafuta ya mnyonyo.

Kwa siku anapata dola elfu tano na chakula cha mchana. Nta ananunua mwenyewe, na bei yake haikai mahali pamoja. Watu wengi sasa wameweka vigae, wanapitisha kitambaa cha maji na kwenda zao. Zamani wiki ya Pasaka alikuwa anakimbia nyumba hadi nyumba. Mwaka huu aliitwa tatu tu.

"Vigae ni visafi, sivisemi vibaya," anasema. "Lakini havijui kama umeamka na huzuni. Mbao ukiisugua inakupokea. Mtu anaingia amenuna, anaona sakafu inawaka, kitambaa kimesimama kama taji, anashusha sauti mwenyewe. Nimeona watu wakiacha ugomvi mlangoni."

Kwa Mas Lascelles hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na kimya, na hicho ni kizito zaidi.

Mkewe, Ionie, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Siku ya matanga ya usiku wa tisa, baada ya nyimbo na samaki wa kukaanga, wanawake waliinuka kwenda kugeuza chumba kama inavyofanywa kwa kila maiti. Kitanda huhamishwa, meza hupelekwa ukuta mwingine, ili mzimu ukija kuaga usikitambue chumba, uendelee na safari yake. Mas Lascelles alisimama mlangoni akaitanua mikono.

"Hakuna atakayemficha mke wangu chumba chake," alisema.

Wanawake wakarudi kukaa. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe hakulala humo. Aliufunga mlango, akawa analala barazani kwenye kiti, na vitunguu vyake vya majani vikafia shambani chini ya nyasi kavu za kufunikia udongo.

Enid, dada wa marehemu, alihamia jikoni kumpikia. Ni mwanamke wa kanisa, mwenye mdomo usiolala. Alidai sahani za kabati la vioo zinagongana zenyewe usiku. Mwishowe akaongea na Dalton, mwana wa mzee, aliyeko mjini Mandeville: Pasaka ikipita, aje amchukue mzee, nyumba ifungwe.

"Nikamwambia, shemeji, mtu hangojei siku ya hukumu kwenye kiti," anasema Enid. "Ama ulale ndani kama mtu, ama uende kwa Dalton."

Mas Lascelles alijibu kwamba Mandeville kuna baridi, na Dalton anapika wali kama uji. Lakini hakuingia ndani. Kilichobaki kilikuwa ni siku chache tu, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ingetiwa kufuli naye akiwa hai.

Ndipo Enid alipomwita Zelpha. Mzee alikubali sakafu ing'arishwe, maana ni Pasaka, na Ionie asingekubali Pasaka imkute na vumbi. Ila asubuhi ile Enid alimvizia Zelpha getini, akampa ujira wake mapema, akamnong'oneza.

"Vikishatoka vyote, virudishe kwingine. Kitanda kule, meza huku. Atasema nini, na nta imeshakauka?"

Zelpha alijibu, "Mhm."

"Mhm yangu haikuwa ndiyo wala hapana," anasema. "Ilikuwa mhm ya mtu anayehitaji kazi."

Kwa hiyo aliingia chumbani na amri mbili, na akaanza kusugua akijua jioni lazima amwongopee mmoja wao. Anasema machungwa yale yalimwasha macho kuliko siku zote, na hana hakika kama yalikuwa machungwa.

Vumbi lilipotoka, mbao zikalowa na kuwa nyeusi, akaona vishimo. Kitanda cha mahogani kinazama kidogo kidogo kwenye mbao, kila mguu unaacha duara la kutosha ncha ya kidole gumba. Pale kilipokuwa kimesimama, ukutani, alivitarajia vinne. Lakini vilikuwepo na chini ya dirisha. Na nyuma ya mlango. Na karibu na kabati, seti juu ya seti, kama mahali ng'ombe walipokunywa maji. Na katikati kabisa, kwa mshazari, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuweka kitanda.

Zelpha akakaa chini akavitazama. Kisha akaita.

"Mas Lascelles. Hebu njoo."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Umesema kitanda kirudi kilipokuwa. Nauliza, kilipokuwa lini?"

Mzee akaja mpaka kizingitini. Hakukivuka. Akashika mwimo wa mlango, akainama kutazama pale Zelpha alipoonyesha na brashi, hapa, na hapa, na hapa.

"Hapo ni mwaka wa kimbunga," akasema. "Paa lilivuja upande huu."

"Na nyuma ya mlango?"

"Hapo alinikasirikia."

"Na huu mshazari?"

Zelpha anasema aliiona midomo ya mzee ikihangaika.

"Huo aliuona kwenye picha ya kalenda," akasema.

Akaendelea taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Kila Krismasi. Kila Pasaka. Akifurahi anahamisha, akihuzunika anahamisha zaidi. Kitanda hicho ni kizito, nikamuuliza unakisukumaje peke yako, akasema kwa hasira. Mimi narudi shambani nakuta nyumba nyingine. Nasema samahani mama, nimeingia kwa jirani. Ananiambia jirani hana chakula, kaa ule."

"Na pale ukutani?"

"Pale alikiweka, kifua kilipoanza kumbana. Eti hewa ya pale ni nyepesi." Akatazama vile vishimo vinne, vilivyokuwa bado vichanga, havijaingia sana. "Pale hakupapenda, Zelpha. Alipalalia tu."

Enid alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hiyo chumba tukikigeuza, atakijua."

"Atakijua mara moja, shemeji."

"Na tusipokigeuza?"

"Atashangaa. Atasema hapa si kwangu, hapa pana mgonjwa."

Enid akashuka akavuta droo iliyokuwa uani, akaipindua, akaikalia. Miezi yote alikuwa akipigania kitanda kihamishwe ili dada yake asirudi, na sasa ilionekana kukihamisha ndiko kumfungulia mlango.

"Basi kiacheni ukutani," akasema. "Kiacheni hapo hapo. Mtu asikiguse."

"Kigeuzwe," akasema Mas Lascelles.

"Lascelles, ni juzi tu ulisimama mlangoni kama kondoo dume."

"Kigeuzwe, Enid."

"Ionie nilimpenda, alikuwa damu yangu. Lakini nilimpenda akiwa hai. Mimi nalala nyumba hii."

"Basi lala na viatu."

Zelpha akajitia kusugua kona iliyokwisha safishwa, ili wasimwone anacheka. Kisha akauliza lililobaki.

"Kiwe wapi, Mas Lascelles?"

Uso wa mzee ukafifia tena. Alitazama chumba kitupu upande huu, akatazama upande ule.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuchagua hata siku moja."

Kuku wa jirani Hubert walikuwa wakiparura chini ya meza ya kioo pale nyasini. Mwishowe Mas Lascelles akashuka ngazi, akachomoa panga lake ukutani, akachukua ndoo.

"Unakwenda wapi?" Enid akauliza.

"Shambani."

"Leo?"

"Chumba hicho kinageuka mimi nikiwa shambani. Nikiwepo hakigeuki."

Wanawake wawili wakamtazama akishuka njia nyekundu, kofia yake ikipanda na kushuka juu ya ua, mpaka ikapotea. Hakuwa amelikanyaga shamba tangu mazishi.

Zelpha akapiga magoti. Alipaka rangi, akapaka nta, akaingia kwenye kazi yenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, akirudi nyuma ubao mmoja baada ya mwingine. Enid alikaa juu ya droo akimwomba Mungu kwa sauti. Halafu akachoka kukaa bure, akayashusha mapazia akayafua. Akapika wanga wa muhogo, akavichovya vitambaa vya dada yake, akaviinua kingo kidole kwa kidole mpaka vikasimama. Zelpha anasema alimkuta amekishikilia kimoja kifuani, kinalowesha gauni, na hakumsemesha.

Mchana wakala mkate mtamu wa Pasaka na jibini, kisha wakaingiza vitu. Enid akishika upande wa miguuni, akauliza kila hatua mbili, "Hapa alishawahi kukiweka?"

"Sijatazama, Mis Enid."

"Muongo wewe. Umetazama."

"Sogea kidogo kwako."

Zelpha alikiweka kitanda chini ya dirisha la mashariki, kichwa kikiwa mbali na mlango. Meza ya kioo aliiweka mahali inapopokea mwanga na kuusukuma hadi ukutani. Picha ya harusi hakuirudisha juu ya kitanda. Aliitundika kando, ambapo mtu huiona anapotaka, si kila anapofumbua macho.

"Watu wanadhani niliwaza mzimu," anasema Zelpha. "Mimi niliwaza miguu ya mzee. Asubuhi akiishusha ikanyage wapi? Nikasema ikanyage kwenye jua."

Mas Lascelles alirudi jua likiwa limelala, suruali imelowa mpaka magotini, na kifungu kimoja cha vitunguu vya majani vilivyonusurika. Alimpa Enid vitunguu. Akasimama mlangoni pa chumba.

Sakafu ilikuwa nyekundu kama ganda la tunda la akee lililoiva, na dirisha lote lilikuwa humo ndani yake, na mawingu. Mapazia yalikuwa yakipumua. Mzee alisimama hapo muda mrefu kiasi kwamba Enid jikoni aliacha kukoroga.

Kisha akavuka kizingiti. Akaenda mpaka kitandani, akaweka kiganja juu ya godoro.

"Dirisha liko karibu mno," akasema. "Majogoo wa Hubert watanivurugia usingizi."

Zelpha alijua amesikia nini: mzee atalala humo.

"Watakuamsha mapema," akasema. "Vitunguu vinahitaji maji."

Enid akaanza kukoroga tena.

Walikula samaki wa chumvi na ndizi za kuchemsha, barazani, sahani mapajani. Zilikuwa sahani za kabati la vioo. Enid ndiye aliyezitoa, na alisema tu kwamba za jikoni zimekuwa chache. Alipomaliza kula akasema atampigia Dalton, amwambie kwanza asubiri. Kisha akamshika Zelpha mkono: na yeye asithubutu kwenda zake usiku huo, kwa sababu ni yeye aliyegeuza chumba, na kama kuna wa kuonana na mgeni wa usiku, awe yeye.

"Krismasi nitakuja tena," Zelpha akamwambia Mas Lascelles. Anasema hilo ndilo tumaini lake la mwaka huu, licha ya magoti, licha ya vigae: aitwe tena nyumba ile. "Ukiwepo."

Mzee alifikiri.

"Sitakuwepo," akasema. "Nitakuwa shambani."

Akainuka. Aliingia chumbani bila taa, kabla giza halijakamilika. Wakasikia ugoko ukigonga ubao wa mahogani, na pumzi ikivutwa kwa meno, kisha sauti yake ya chini, isiyo na hasira.

"Ionie. Umeanza."

Enid akaifungua Biblia yake sebuleni, kwenye Zaburi, taa ikiwaka, viatu miguuni. Hakufika mbali. Kidevu kilishuka kifuani akiwa ameshikilia ukurasa.

Zelpha alibaki kwenye kiti cha barazani, amenyoosha miguu, akisikiliza. Chaga zililia mara moja, mzee akigeuka. Zikalia tena. Halafu kukawa kimya, na ndani ya kimya kile kukaja mkoromo, wa kwanza mfupi, wa pili mrefu, kisha ukashika mwendo wake. Zelpha akafungua vitambaa vya jinzi magotini, akavikunja vizuri kimoja juu ya kingine, akajifunika blanketi, akalala.