Nane Zilizosomwa Nne

Nilufa Khondokar ni mwoga, na simsengenyi, hata yeye mwenyewe anajua. Tunakaa meza moja ofisini hapa mjini Chandpur, juu ya duka la halua, na bosi akikohoa tu Nilufa ameshasimama. Mjusi akidondoka kutoka darini, mkono unaobanwa mpaka unauma ni wangu.

Kazi yetu ni namba. Taarifa za kupima maji ya visima vya vijijini zinatufikia kwenye kompyuta, kurasa zilizopigwa picha, nasi tunazitoa namba humo na kuzipanga kwenye jedwali la Excel. Jedwali linakwenda kwa wapaka rangi. Kisima ambacho aseniki yake, ile sumu ya ardhini, imezidi hamsini, pampu inapakwa nyekundu, maji yake ni ya kufulia tu. Kisichozidi, inapakwa kijani, watu wanakunywa.

Zamani tulikuwa tunachapa kila namba kwa mkono. Halafu bosi wetu, kaka Delwar, akaleta programu inayosoma kurasa yenyewe, sisi tukabaki kukagua kurasa za mwanzo za kila faili.

"Mnataka kukagua zote mpaka mzeekee hapa?" alituuliza.

Tukacheka. Nani hapendi kazi nyepesi?

Asubuhi moja tukiwa tunatafuna bisi za mchele na pilipili, Morsheda, mdogo wake Nilufa, akapiga simu. Alikuwa kijijini kwa baba yao akisubiri kujifungua, kama binti yeyote wa kwetu anavyorudi kwa wazazi kwa uzazi wa kwanza. Mimba mbili zilishamtoka. Hii ndiyo iliyokaa, na nyumba nzima ilikuwa inaiombea.

"Dada, kisima chetu kimepakwa kijani!" Sauti yake niliisikia mpaka kwenye kiti changu. "Nakunywa mpaka tumbo linacheza. Habari za kwenda kuchota msikitini na ndoo zimekwisha."

"Kimepakwa lini?"

"Wiki iliyopita. Mbona umepoa? Unanionea wivu, mtu wa maji ya bomba?"

Nilufa alicheka kidogo akaagana naye. Kisha akabaki ameishika simu mkononi. Kisima kile kilikuwa chekundu tangu wao wakiwa watoto, na aseniki haifungashi mizigo ikahama ardhini.

Akafungua jedwali. Kwenye jina la baba yake, arobaini. Akafungua ukurasa wenyewe. Themanini.

Nikasogeza kiti nikaangalia naye. Kurasa za mwanzo, zile tulizokagua, ziliandikwa kwa mkono na wapimaji, kwa tarakimu zetu za Kibangla. Zilizofuata zilichapwa maabara kwa tarakimu za Kiingereza. Sasa nne yetu sisi, ukiiangalia, ni nane ya Wazungu tupu. Programu ilikuwa imeambiwa isome Kibangla. Tarakimu nyingine ilizing'amua kuwa ni ngeni ikazisoma sawa, ila nane ikaziona nne, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tukatia saini.

Kaka Delwar alipoonyeshwa, alifunga mlango kwanza.

"Asijue mtu. Niandike barua, wapaka rangi warudi kwa utaratibu."

"Andika, kaka," alisema Nilufa. Alikuwa ameshasimama. "Mimi naondoka."

"Ukitoka hapa usirudi!"

Mwoga yule alishuka ngazi akikimbia, akaita bajaji, hata mkoba akausahau kwenye kiti. Mimi nilibaki na kioo kile cha kompyuta mbele yangu. Nilijaribu kufanya kazi nyingine, vidole vikakataa. Niliogopa kesi, niliogopa kufukuzwa, lakini zaidi niliogopa kuteremsha ukurasa ule na kuona majina mengine.

Aliponipigia kutoka kijijini alikuwa anahema. Alikuwa ameufunga mtandio wake mwekundu kwenye mdomo wa pampu ya baba yake, na Morsheda amekaa chini uani, mikono tumboni, anauliza swali lile lile: "Nimekunywa kiasi gani, dada? Kiasi gani?"

"Amerudia maji ya msikitini," Nilufa aliniambia. "Lakini sikiliza. Wamekuja."

"Kina nani?"

"Wanawake wa kijiji kizima. Wameuona mtandio. Wamekuja na mitungi yao, wananiuliza, na chetu je? Sijui, shoga yangu. Niliangalia cha baba tu. Nikatoka mbio, sikuangalia cha mtu mwingine. Nisomee. Nimeweka sauti ya juu, wote wanasikia."

Kaka Delwar alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usisome," alisema.

Nikateremsha ukurasa. Mshale ukaruka mistari, nikarudi juu nikaanza upya.

"Kwa Motaleb," nikasema. "Thelathini na mbili."

Nikasikia pumzi zikishuka, mtu akamshukuru Mungu.

"Kwa mjane wa Sobhan. Themanini na tano."

Kisha ikaja sauti ya mwanamke nisiyemjua, ya upole tu, kama anayemsahihisha mtoto.

"Soma tena, mwanangu. Pengine macho yako yamekosea."

Nikasoma tena, themanini na tano ile ile. Kwa mbali, ndani ya simu, nilisikia pampu ya jirani ikipigwa, mtu bado anachota maji.