Mikono ya Mvusha Watoto

Kila asubuhi Lorna, mwendesha mashtaka wa kaunti, humkuta yule mama anayevusha watoto mbele ya shule, glovu nyeupe mkononi. Huinua kiganja tu, na hata malori hutii. "Shikaneni mikono, wanangu! Asiyeshikana havuki!" Jioni kiganja hichohicho huinuka vijana wa mtaa wanapotaka kutoana roho; mama husimama katikati yao, akiwauliza kama wamekula.

Siku ofisi ya Lorna ilipowatuza wanaozuia damu isimwagike, mvusha watoto alikaa ukumbini kati ya akina mama wawili, kila mmoja amemshika mkono. Lorna aliwajua, maana kesi aliiendesha mwenyewe: mtoto wa huyu alimuua mtoto wa yule. Mvusha watoto akaitwa, makofi yakalipuka, naye hakuinuka.

"Mama, njoo basi!" bosi wa Lorna akaita kutoka jukwaani.

"Subiri, baba. Mikono yangu ina watu."

Akaukutanisha mkono wa huyu na wa yule, taratibu. "Shikaneni, nakuja sasa hivi." Akapanda jukwaani. Tuzo Lorna hakuiona. Alikuwa akiitazama ile mikono miwili, akiogopa hata kupumua, na mpaka mvusha watoto anarudi, ilikuwa haijaachana.