Mamangu Nyuma ya Bi Harusi

Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, upande wa wanawake. Siku ya kupamba, bi harusi anapotolewa kuonyeshwa wanawake, nao wageni wamevua mabuibui, mwanamume haingii, na simu huachwa mlangoni. Kamera huwa moja tu, yangu. Ni nzito, hufanya picha na video zote mbili, tena safi sana. Nikimaliza humkabidhi mamake bi harusi kila kitu, kisha nafuta kadi ya kamera mbele yake. Kwa sababu hiyo Mji wa Kale wananiamini.

Mamangu hakupenda kupigwa picha. Nikimwelekezea kamera hujifunika uso kwa mtandio. "Kapige warembo huko," husema. Tulikuwa wawili tu katika fleti yetu ya Ganjoni. Alipofariki, nilibaki na picha yake ya kitambulisho, ambayo mwenyewe aliichukia.

Miezi kadhaa baadaye, nikipiga pasi, nikakumbuka kuwa aliwahi kuhudhuria harusi niliyoifanyia kazi, ya jirani zetu wa zamani wa Ndia Kuu. Kwangu video yake nilikuwa nimekwisha kuifuta. Nikaona haya wiki nzima, kisha nikaenda.

Mamake bi harusi alinifungulia mwenyewe. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Video siwezi kukupa, mwanangu," akasema. "Mna wake za watu vichwa wazi mle."

"Najua, mama. Nataka kutazama tu."

Akafunga mlango wa sebule, akawasha televisheni, akaketi kando yangu. Tulitazama karibu saa nzima. Nilianza kudhani labda mamangu alikaa pembeni, nisikofika.

"Si yule?" akasema ghafla.

Bi harusi alikuwa akipita katikati ya viti, na nyuma ya bega lake alikuwa mamangu, na gauni lake la zambarau, nywele zimesukwa, hana mtandio. Wanawake wote walikuwa wamemgeukia bi harusi. Yeye hakumgeukia.

"Yuakutazama wewe," mama yule akaniambia taratibu.

Alikuwa akitabasamu, kichwa amekiinamisha kidogo. Ilidumu muda wa pumzi tatu nne hivi, kisha kamera ikageuka. Mimi niliigeuza. Sikuwa nimemwona.

Mama yule aliniruhusu kukata picha moja kutoka kwenye video, ya mamangu peke yake. Nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza. Lakini siku ile nilikuwa nimemlenga bi harusi, kwa hiyo pembeni, kwenye kipande cha bega lake kilichobaki, kila uzi wa gauni lake ulionekana. Mamangu alikuwa ndani ya ukungu. Kila nilivyozidi kumkuza ndivyo alivyozidi kupotea. Nilijaribu kila ninalolijua katika kazi hii hadi macho yakaniuma. Mwishowe nikaichapisha ndogo, ya kutosha kiganjani, kwa kuwa ikiwa ndogo hivyo uso wake unatambulika.

Siku chache baadaye mama yule alinipigia simu. "Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, mama. Ahsante."

"Basi Ijumaa uje ule nasi. Usikae huko peke yako."

Nikamwambia nitakwenda. Ijumaa hiyo nilikuwa na kazi. Iliyofuata sikuwa na kazi, nikavaa, nikafika hadi mlangoni pangu, nikavua viatu, nikarudi kukaa.