Bibi Alivyoigwa Angali Hai

Nikisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, shwaa, shwaa, mpaka leo nageuka. Ndivyo alivyotembea bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Maneromango. Sisi tuliishi Sofu, Kibaha, na nyumbani kwetu kutaja kifo ilikuwa mwiko. Hata kuku akifa, mama alisema eti "ameondoka", kana kwamba amepanda basi. Basi nikakua nikiogopa kitu nisichokijua.

Bibi alipougua tumbo, madaktari wakasema limebaki la Mungu. Mama hakutaka kusikia. Tukamfuata kijijini, gari likizama kwenye matope njia nzima, ili tumlete Kibaha atafutiwe dawa nyingine. Bibi akagoma.

"Mwanangu, nimechoka kuchomwa sindano. Niacheni nife kwangu."

Mama akaziba masikio. Jamani, mtu mzima!

Kesho yake bibi akaagiza aitwe Bi Kabula, jirani yake Mnyamwezi. Wanyamwezi ni watani wetu, na mnajua mambo ya watani: msibani humwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke.

"Kabula, siku hiyo utaniigaje? Nionyeshe sasa, nikiwa na macho."

Bi Kabula akajifunga kanga ya bibi, akabinua midomo, akaburuza kandambili uani akifokea kuku. Lo! Alikuwa bibi mtupu.

"Muongo! Mimi sibinui midomo hivyo."

"Unabinua, kikongwe wewe, na kaburini utaibinua vilevile!"

Bibi alicheka huku amejishika tumbo kwa maumivu. Nami nilicheka, na neno kaburi halikunitetemesha. Mama alipiga kelele kwamba huo ni uchuro, akakimbilia nyuma ya nyumba kulia. Jioni alirudi, akaketi mkekani, akampakata mama yake kichwa. Habari ya Kibaha hakuitaja tena.

Bibi alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Bi Kabula alipomwiga msibani, mama alicheka, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Utotoni nilidhani bibi alikuwa jasiri na mama mwoga. Kumbe mama hakuogopa kifo. Aliogopa kubaki duniani hana wa kumwita mama. Na bibi alilijua hilo, ndiyo maana alitaka kicheko kimfikie bintiye yeye angali hapo.

Juzi mama, ambaye sasa ni mzee, aliniambia bila kupepesa macho kwamba naye anataka kuzikwa Maneromango. Miguu ilitaka kunitoa nje. Nikabaki nimekaa, nikamuuliza alazwe upande gani wa bibi.